Milimita Nne

Kadi ya Aziza ilikuwa na mistari ishirini, na kila mstari ulisubiri tarehe, dakika, nguvu ya umeme na saini. Daktari Benoît aliichora mwenyewe kwa rula tarehe 12 Oktoba 1964, siku ya kwanza ya matibabu. Jicho la kulia la mtoto lilikuwa limekwisha kutolewa mwezi wa saba. Jicho la kushoto lilikuwa na uvimbe wa aina ileile, mdogo kama punje ya mtama, nyuma kabisa. Mionzi ya rontgeni mia mbili, mara ishirini, ilitosha kuukausha. Pungufu ya hapo ungeota tena, ungeufuata mshipa wa jicho hadi kwenye ubongo, na Aziza, aliyekuwa na miaka mitatu, asingefika mitano. Lukumani, mwendeshaji wa mashine, alielezwa hayo mara moja tu, kwa Kifaransa. Hakuhitaji kuelezwa tena.

Mji ulikuwa mikononi mwa waasi walioitwa Simba tangu mapema Agosti. Kwenye karatasi za serikali uliitwa Stanleyville. Wenyeji waliuita Kisangani, kama siku zote. Umeme uliendelea kutoka kwenye maporomoko ya Tshopo, kwa sababu mafundi wa pale walibaki kazini na kwa sababu waasi nao walitaka taa. Lakini nguvu yake ilipanda na kushuka. Lukumani alikaa mbele ya kipimo, na sindano iliposhuka chini ya alama nyekundu alizima mashine na kusubiri. Siku moja alisubiri kwa muda wa saa tatu ili apate dakika mbili zilizobaki.

Alikuwa na miaka thelathini na sita, mtoto wa mzee Waziri, fundi cherehani wa mtaa wa Waislamu. Alisomea uuguzi, kisha akapelekwa Léopoldville mwaka mzima kujifunza mashine ya mionzi. Alirudi na cheti na tabia moja: kila alichofanya alikiandika, na ambacho hakikuandikwa alikihesabu kuwa hakikufanyika. Wauguzi walimcheka. Georgette, aliyefanya naye kazi chumba kimoja, alisema kwamba Papa Luku akienda chooni anasaini.

Jambo moja hakuliandika. Siku ile ya kwanza Daktari Benoît alimlaza mtoto, akatazama ndani ya jicho kwa taa yake, kisha akaweka mdomo wa koni ya mashine kwenye panja la kushoto, pale kati ya jicho na sikio. Mdomo ule ulikuwa mraba, sentimita tatu kwa tatu. Aliulaza kidogo kuelekea nyuma ili mionzi ipite nyuma ya lenzi, kile kioo cha mbele ya jicho ambacho mionzi hukiharibu. Aliporidhika alichora pembe nne za mraba huo kwa dawa ya zambarau, ileile ambayo wauguzi hupaka vidonda. Tangu hapo kazi ya Lukumani ilikuwa kuweka koni juu ya pembe zile nne na kuzipaka upya kila zilipofifia. Kiasi cha kuilaza koni alikiandika: digrii kumi. Mahali hakuandika. Mahali palikuwa usoni mwa mtoto. Kupaandika kulikuwa sawa na kuandika kwamba mtoto ana pua.

Aziza aliletwa na bibi yake, Fatouma, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Waliishi Lubunga, ng'ambo ya mto, ambako baba yake Aziza, Assumani, alikuwa fundi wa reli. Walivuka kwa kivuko, na kivuko kisipofanya kazi, kwa mtumbwi.

Mtoto wa miaka mitatu hatulii dakika nne peke yake katika chumba chenye mashine inayonguruma, na mtu mwingine haruhusiwi kubaki humo. Mara mbili za kwanza daktari alimpa dawa ya usingizi. Dawa ikaisha. Mara ya tatu Fatouma aliomba asimame nje ya mlango wa madini ya risasi unaozuia mionzi, kwenye tundu dogo la kusemea.

"Aziza," aliita, "tuko kwenye treni. Treni ya papa yako. Mutu akitikisika anaanguka inje. Tunaenda Ponthierville. Kilometa moja. Kilometa mbili."

Reli kutoka Lubunga hadi Ponthierville ilikuwa na kilometa mia moja ishirini na tano, na Fatouma alizihesabu zote, polepole, moja baada ya nyingine. Mtoto alilala kama gogo, amefungwa kikwembe, mifuko miwili ya mchanga ikishikilia kichwa. Lukumani alipima hesabu ile kwa saa yake. Ilichukua dakika nne na sekunde tano. Ilizidi kwa sekunde tano tu, na kesho kutwa yake ilikuwa vilevile.

"Koko," alimwambia, kama wote walivyowaita bibi, "unahesabu kama mashine."

"Mashine yako inahesabu kama mimi," alijibu Fatouma. "Mimi niko mukubwa."

Tarehe 29 Oktoba Daktari Benoît alichukuliwa pamoja na Wazungu wengine na kufungiwa hotelini. Lukumani aliendelea. Kadi ilikuwepo, pembe nne zilikuwepo, umeme ulikuwepo siku nyingi kuliko ulivyokosekana.

Wiki mbili baadaye alikuja kamanda mmoja wa waasi na watu wanne. Kuna mtu aliyemwambia kwamba hospitalini kuna redio kubwa inayosema na Wamarekani. Aliizunguka mashine mara mbili.

"Hii waya inaenda wapi?"

"Kwa pompe ya mafuta. Inapoza ile tube."

"Na hii kichwa yake? Inaongea na nani?"

"Haiongei na mutu, camarade. Inachoma ugonjwa."

"Moto iko wapi?"

"Haionekani."

Kamanda aliwatazama watu wake. "Munasikia? Moto yenye haionekani."

Fatouma alikuwa amekaa kwenye benchi, mtoto mapajani. "Wewe," alisema, "uko mutoto ya nani? Unaogopa chuma? Lala pale chini yake basi, nikuhesabie. Mutoto huyu analala siku tatu kila wiki, na yeye iko na miaka mitatu."

Watu wanne walicheka. Kamanda hakucheka. Alichukua kadi ya Aziza, akatazama safu za namba.

"Na hii? Code?"

"Ni dakika," alisema Lukumani. "Hii ni tarehe. Hii ni saini yangu."

Kamanda aliirudisha, akaufunga mlango wa chumba kwa karatasi na gundi, akasema atauliza wakubwa. Baada ya siku tatu alikuja mwenyewe kuubandua. Zamu moja ya matibabu ilipotea kwa sababu hiyo. Mbili zilipotea kwa sababu ya umeme, na moja kwa sababu kivuko kilikosa mafuta na mto ulikuwa umechafuka mno kwa mitumbwi. Jumatatu tarehe 23 Novemba Lukumani alijaza mstari wa kumi na tano. Ilibaki mitano. Alimpa Fatouma kichupa cha dawa ya zambarau na kijiti.

"Kama munachelewa kuja, paka hizi ine. Juu ya hizi hizi. Usisogeze hata kidogo."

"Nitapaka," alisema Fatouma.

Alfajiri iliyofuata askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka kwenye uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Kufikia mchana jeshi la serikali lilikuwa mjini. Daktari Benoît alipandishwa ndege siku hiyohiyo, katika nguo alizokuwa amevaa, hakupita hospitalini. Watu wengi waliuawa, kwanza na waliokuwa wakiondoka, kisha na waliokuwa wakiingia. Hospitali ilipokea majeruhi kwa siku kumi, na chumba cha mashine kililaza watu sakafuni. Lukumani alifunika koni kwa turubai. Upande wa Lubunga ulibaki na waasi, na mto ukafungwa. Askari walipiga risasi chochote kilichoelea.

Chumba kilipoachwa wazi, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa Lukumani aliiwasha mashine dakika tano ili mafuta yazunguke, akaandika kwenye daftari kwamba ameiwasha. Kadi ya Aziza aliiacha mezani. Alijua kwamba uvimbe unaoachwa katikati ya matibabu hausubiri. Daktari alimwambia pia hilo: wiki moja si neno, mbili ni mbaya, baada ya hapo hakuna mtu anayejua.

Walikuja Jumatatu tarehe 4 Januari. Wiki sita kamili.

Fatouma alikuwa amekonda. Aziza alikuwa amenyolewa, na nywele zimeanza kurudi, fupi kama ukoko wa ukungu kwenye mkate. Alimtambua Lukumani kwa sauti, akauliza kama treni ipo. Lukumani alimgeuza uso kuelekea dirishani. Panja la kushoto lilikuwa kidonda kinachopona: ngozi ya waridi, makovu membamba yenye maganda, kutoka ukingo wa jicho hadi karibu na sikio. Hapakuwa na pembe hata moja.

"Koko. Alama iko wapi?"

"Nilitoa."

"Nilisema upake."

"Nilipaka. Kila Ijumaa nilipaka, mpaka chupa ikaisha." Fatouma alikaa. "Lakini Célestin, yule wa mtumbwi, alikataa kutuvusha. Alisema ku beach, pale kivuko inasimama, askari wanaangalia watu usoni. Wale Simba walichanjwa dawa ya risasi hapa," aligusa paji la uso, "na askari akiona alama yoyote, hata ya mutoto, anauliza: ni nani alimuwekea dawa? Baba yake iko wapi? Jirani yetu alichukuliwa kwa sababu ya kovu ya ndui. Donc nilisugua. Ndimu na mchanga."

"Ya zambarau inatoka kwa sabuni."

"Ya zambarau ilitoka. Ile nyeusi ya chini yake ilikataa. Nilisugua ile nyeusi siku mbili."

Georgette aliacha kukunja bendeji. Ile nyeusi haikuwa rangi. Ilikuwa ngozi iliyogeuzwa na mionzi, mraba mweusi wa sentimita tatu kwa tatu wenye kingo kama zilizokatwa kwa wembe. Hata rangi ingefutika, mraba ule ungemtosha Lukumani. Fatouma alikuwa ameusugua mpaka damu, na kidonda kilikuwa kipana kuliko mraba pande zote.

"Na nywele?"

"Zilianguka hapa kando, kipande. Watu walisema iko ndoki, muchawi. Nikanyoa yote ili zilingane."

Lukumani alichukua kadi. Aliisoma mistari kumi na mitano, safu kwa safu, ingawa alijua haina anachotafuta. Tarehe. Dakika nne. Kilovolti mia mbili. Digrii kumi. Saini. Angeweza kumweleza mtu yeyote duniani mashine ilifanya nini Jumatano ya tarehe 4 Novemba, isipokuwa mahali ilipofanyia.

Hapakuwa na daktari wa kutazama ndani ya jicho. Aliyebaki hospitalini alikuwa daktari mmoja wa upasuaji wa jeshi, na huyo alipoulizwa alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye mguu aliokuwa akiukata, kwamba yeye si wa macho. Lukumani aliandika barua kwa Daktari Benoît, kwa anwani ya Ubelgiji iliyokuwa kwenye faili la watumishi, akaipeleka kwa askari wa ndege. Aliambiwa jibu likija litachukua miezi miwili, labda mitatu.

"Tungoje?" aliuliza Georgette.

"Miezi mitatu juu ya wiki sita, hakuna cha kungojea."

"Alors utafanya nini? Utabahatisha?"

"Sibahatishi."

Alimlaza mtoto, akaomba taa, akatoa rula ya chuma. Alitafuta karibu saa nzima. Alichokipata kilikuwa kwenye nywele. Kichwa kizima kilikuwa kimeanza kuota isipokuwa kipande kidogo kando ya panja, juu ya sikio, nyuma ya kidonda. Pale ngozi ilikuwa tupu kabisa, na mwisho wa utupu ule ulikuwa mstari ulionyooka, kutoka juu kwenda chini. Nywele hazioti pale mionzi ilipopita. Kwa hiyo mstari ule ulikuwa ukingo wa nyuma wa mraba. Kutoka hapo, sentimita tatu mbele, ungekuwa ukingo wa mbele. Kwa juu na chini, utupu uliishia kwenye kona, na kona ile ilimpa kimo. Alipima mara nne. Mara tatu alipata jibu lilelile, na mara ya nne tofauti ya nusu milimita. Safari hii aliandika mahali: umbali kutoka sikioni, umbali kutoka kwenye nyusi, umbali kutoka kona ya jicho.

Ukingo wa mbele ulipita milimita mbili mbele ya kona ya nje ya jicho.

Jumatano alishusha koni juu ya mistari mipya. Alikuwa ameishusha juu ya uso ule mara kumi na tano, na mkono wake ulikuwa na mazoea. Mkono ulitaka kwenda nyuma. Aliona unavyotaka, akausimamisha, akatazama tena rula.

"Papa Luku," alisema Georgette kutoka upande wa pili, "kama iko mbele kidogo, non? Zamani kivuli ya chuma haikugusa kope."

"Kama," alisema Lukumani. "Rula haisemi kama."

"Mimi nasema tu."

"Umepima?"

"Nimeona."

"Mara kumi na tano umeona, na hakuna hata mara moja umeandika. Hata mimi."

Lukumani alikaza skrubu, akatoka, akafunga mlango. Fatouma aliinamia tundu la kusemea.

"Aziza. Treni ya papa. Kilometa moja."

Lukumani alifanya hivyo tarehe 6, 8, 11, 13 na 15 Januari. Umeme haukukatika hata siku moja. Mstari wa ishirini ulipojazwa, Fatouma aliuliza kama imekwisha, na Lukumani akasema imekwisha. Aliuliza kama mtoto atapona. Lukumani akasema kwamba dozi imetimia.

"Sikuuliza dozi," alisema Fatouma.

"Najua, koko. Lakini ndiyo ninajua."

Barua ya Daktari Benoît ilifika tarehe 2 Aprili, karatasi moja iliyopigwa kwa mashine. Alisikitika. Hakuwa na madaftari yake, na uso wa mtoto yule hakuukumbuka kwa vipimo. Lakini watoto wote wa namna ile aliwawekea kwa kanuni moja: ukingo wa mbele milimita mbili nyuma ya kona ya nje ya jicho, kamwe si mbele, kwa sababu ya lenzi. Kisha aliongeza sentensi ambayo Lukumani aliisoma akiwa amesimama. Ukingo wa miale ni dhaifu kuliko katikati yake. Nywele zilizo milimita chache ndani ya ukingo mara nyingi hupona na kuota. Anayetafuta mraba kwa kufuata nywele atauona mdogo kuliko ulivyokuwa, na atauweka mbele mno.

Lukumani alitoa karatasi ya vipimo vya Januari. Mbili nyuma, mbili mbele. Milimita nne. Kwa mara tano, rontgeni elfu moja, nyingi zikipita kwenye lenzi.

Aliichukua barua akamwonyesha Georgette. Georgette aliisoma taratibu, kidole chini ya maneno. Angeweza kusema alilokuwa na haki ya kusema. Alisema, "Utamuambia?"

"Ndiyo."

"Kwa nini? Hakuna cha kufanya."

"Kwa sababu ni kweli."

Siku ya pili yake Lukumani alivuka kwenda Lubunga, kwa mara ya kwanza tangu vita. Njia ya kutoka kwenye kivuko ilipita karakana ya reli. Mabehewa mawili yalikuwa yameungua, na majani yalikuwa yameanza kupanda kwenye magurudumu. Assumani hakuwa nyumbani. Alichukuliwa mwezi wa pili, jeshi liliposafisha upande wa kushoto wa mto. Kwa nini, hakuna aliyejua, na Fatouma hakulizungumza. Alikuwa uani akichambua pondu, majani ya muhogo. Aziza alikaa kando yake akiyapanga kwa ukubwa. Ngozi ya panja ilikuwa imepona, na mraba mweusi mpya ulionekana wazi, ukingo wake wa mbele ukigusa kope.

"Koko, nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Mahali. Zile mara tano za mwisho. Milimita ine mbele."

Alimwonyesha kwenye rula. Fatouma aliisogeza karibu na uso, akapima mistari ile minne kwa ukucha.

"Hii? Hii ni kitu gani? Chawa iko mukubwa kupita hii."

"Kwa jicho ni nyingi."

"Atakufa?"

"Kwa sababu ya hii, hapana."

"Bon. Alors?"

"Mbele ya jicho inaweza kuwa nyeupe. Si leo. Mwaka moja, miaka mbili. Ikikuja, hataona watu. Ataona mwangaza na kivuli, basi."

Fatouma aliendelea kuchambua. Alitupa majani matatu mabovu, akachukua mengine. Aziza aliuliza nani atakuwa mweupe, na bibi akampa majani mengine ya kupanga.

"Ni mimi nilisugua," alisema Fatouma mwishowe.

"Ni mimi sikuandika."

"Nisingesugua, usingetafuta."

"Ningeandika, hata ungesugua mpaka mufupa, ningepata."

Fatouma alikung'uta mikono. Kisha akamrudishia rula. "Iko ine, umesema?"

"Ine."

"Basi tugawe. Wewe mbili, mimi mbili. Kaa chini, pondu itaiva sasa hivi."

Lukumani alikaa. Chakula kilikuwa bila chumvi, kwa sababu Lubunga haikuwa na chumvi mwezi ule.

Baada ya hapo alivuka kila mwezi na taa ndogo, akamulika jicho, akaandika tarehe na neno moja: safi. Aliandika neno hilo mara kumi na tano. Tarehe 3 Agosti 1966 hakuweza kuvuka, kwa sababu askari walikuwa wameasi tena, safari hii wengine, na mji ulikuwa umefungwa. Alipovuka, mwishoni mwa Septemba, hakuhitaji taa. Katikati ya mboni palikuwa na weupe, mdogo, kama tone la maziwa.

Sasa hakuwa na la kuandika. Ugonjwa wenyewe unaporudi huonekana mweupe ndani ya jicho. Lenzi iliyoharibiwa na mionzi nayo ni nyeupe. La kwanza lilikuwa kifo ndani ya miezi michache. La pili lilikuwa kosa lake. Macho yake hayakuweza kuyatofautisha, na alijikuta, kila siku kwa wiki saba, akitamani liwe kosa lake.

Katikati ya Novemba daktari wa macho alipita mjini kwa siku tatu, mwanamke mmoja kutoka mji mkuu, Kinshasa, Léopoldville ya zamani, mwenye sauti kavu na kisanduku cha vyombo. Mji ulikuwa umebadilishwa jina kwenye karatasi, na ukawa Kisangani kwa serikali pia. Lukumani alimpelekea Aziza akiwa wa kwanza kwenye foleni. Alikuwa na miaka mitano na miezi miwili. Daktari alimlaza, akaweka matone, akaomba dirisha lizibwe kwa blanketi.

"Asitikisike hata kidogo."

"Hatikisiki," alisema Lukumani.

Fatouma alifungua mdomo, lakini mtoto alikuwa amekwisha kuanza mwenyewe, kwa sauti ndogo, macho yametazama juu. Kilometa moja. Kilometa mbili. Daktari alitazama, akabadilisha kioo, akatazama kutoka pembeni. Alikuwa hajamaliza mtoto alipofika mia moja ishirini na tano.

"Endelea," alinong'ona Fatouma.

"Reli imeisha, koko," alisema Aziza, akanyamaza, bila kutikisika.

Daktari alizima taa. "Nyuma kuna kovu tu," alimwambia Lukumani kwa Kifaransa. "Nimeliona kupitia ukingo wa lenzi. Uvimbe umekufa. Aliyemchoma alimchoma vizuri." Alifuta chombo chake. "Weupe ni mtoto wa jicho. Lenzi imepata mionzi. Mtu aliweka koni mbele kidogo."

"Milimita nne," alisema Lukumani.

Daktari alimtazama, kisha akatazama kisanduku chake. "Siwezi kuitoa lenzi hapa. Kinshasa labda, akiwa mkubwa zaidi, kama kutakuwa na ndege, na kama kutakuwa na mtu anayekubali kugusa jicho pekee lililobaki. Nisingekuahidi." Aliita mgonjwa wa pili.

Lukumani aliwaeleza kwenye korido. Alianza na lililo la kwanza: hatakufa. Fatouma aliegemea ukuta, akafunga macho, midomo ikitembea bila sauti. Kisha aliuliza kuhusu lile lingine, akajibiwa, akainamisha kichwa mara moja kama mtu aliyepokea kitu alichokwisha kukiagiza.

Lukumani aliingia chumba cha mashine, akatoa kadi. Juu bado iliandikwa Stanleyville. Chini ya mstari wa ishirini palikuwa na nafasi ya vidole viwili, na humo aliandika kwa herufi ndogo: Mahali hapakuandikwa siku ya kwanza. Alama ilifutwa na familia ili kuvuka mto. Mara ya 16 hadi ya 20: milimita 4 mbele ya mahali pake. Uvimbe umekufa. Mtoto wa jicho. Akatia saini na tarehe.

Fatouma alikuwa amesimama mlangoni. Hakujua kusoma. "Umeandika zote ine?"

"Zote."

"Na mbili zangu?"

"Na mbili zako."

Alimshika Aziza mkono ili waende kwenye kivuko. Mtoto alinyoosha mkono mwingine mbele yake, kiganja wazi, akagusa mlango wa risasi na kulitafuta tundu la kusemea. Alilikosa mara mbili, akalipata ya tatu.